Mkurugenzi Mkuu wa Mkaa wa Maganda

Jumatatu, 3 Machi

Nimechaguliwa! Yaani, bado. Nimeingia kwenye mchujo. Ujumbe umekuja nikimwogesha Kibonge, nikausoma kwa jicho moja, la pili lina sabuni. Ile programu ya kulea biashara changa za nishati safi itamtuma afisa Alhamisi aje aone mkaa wangu. Akiridhika, napewa miezi sita ya mafunzo, banda la kufanyia kazi na, Mungu wangu, mashine ya kukandamiza. Kwa sasa mashine ya kukandamiza ni mimi.

Mkaa wenyewe ni maganda ya jikoni yaliyochomwa kwenye mapipa, vumbi la mkaa na uji wa unga wa kushikisha. Nafinyanga matonge kwa mkono, mtoto mgongoni. Nilianza kwa ajili yake. Moshi wa kuni ulikuwa unamkohoza mpaka anatapika. Matonge yangu hayatoi moshi. Hapo sidanganyi. Kwingine tutaona.

Banda nalihitaji kweli. Mama mkwe ametangaza kwamba mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya hapo mapipa yangu yasionekane uani kwake. Anasema amelea watoto watano bila kukanyaga masizi, hataanza uzeeni.

Habari mbaya: wifi naye ameingia kwenye mchujo. Dada wa mume wangu, mlango wa pili kutoka wangu! Yeye ana kikaushio cha jua, sanduku la mbao lenye kioo juu na trei ndani, anakaushia nyanya. Na tangazo linasema wazi: mtaa mmoja, mradi mmoja.

Nimempongeza. Amenipongeza. Tumekumbatiana kama watu wanaopimana shingo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Matonge mia mbili, yote laini kama uji wa Kibonge.

Fomu inauliza nimeepusha tani ngapi za moshi. Nimemuuliza Baba Kibonge. Akasema tani ni mambo ya malori, niandike lori moja. Nimeandika "nyingi".

Nimempigia afisa kuuliza kama mafunzoni naweza kwenda na mtoto. Kila jibu lake linaanza na "kwa mujibu wa vigezo". Nimempa jina la Bi Vigezo. Kwa mujibu wa vigezo, watoto hawaingii ukumbini. Wanalea biashara changa. Mtoto mchanga utajua mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi mvua. Mchana kajua ka kuombaomba. Matonge hayajakauka hata ngozi, na kesho ndiyo ukaguzi.

Kikaushio cha wifi kiko pale, kinameta. Mwenyewe alikuwa amekwenda kwenye semina ya kujieleza kwa dakika tatu. (Wifi! Dakika tatu! Salamu zake tu ni robo saa.) Nikamwambia Kibonge tunakwenda kuangalia tu. Tumeangalia. Halafu tumeshusha nyanya zote kwenye trei za chini na kupanga matonge juu, karibu na kioo, kwenye joto. Nyanya zake zilikuwa zimeshakauka nusu, hazidhuriki. Nitayatoa kabla hajarudi.

Nikamlaza Kibonge. Nikajilaza kidogo ubavuni mwake ili asishtuke.

Nimeamka magharibi imeingia na wifi yuko uani anaanua nguo. Kikaushio kimefunikwa turubai. Hajafungua. Siwezi kufungua mbele yake. Nimesalimia.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui niandikeje.

Bi Vigezo amefika saa tatu kamili, viatu vyeupe, uani kwetu! Akaanza kwa wifi. Wifi akajieleza vizuri, sikatai, karibu dakika kumi. Akavuta turubai kama anazindua jengo.

Juu, matonge. Chini, nyanya nyeusi tii. Kitu kibichi ukikiweka juu kinachuruzika, hilo hata Kibonge angeniambia. Maji ya masizi yalikuwa yameshuka trei kwa trei.

Wifi akageuka akaniangalia. Mama mkwe akaniangalia. Kibonge akatambaa mpaka kwenye trei, akachomoa tonge na kunikabidhi mimi, mama yake, mbele ya wote. Asante mwanangu.

Bi Vigezo akauliza hiki ni nini. Nikasema ni utafiti. Wifi akasema ni uchawi. Bi Vigezo akalivunja lile tonge. Kavu! Lilikatika kwa mlio. Akataka liwashwe. Likashika, likawa jekundu, moshi hakuna. Mama mkwe, bila kuombwa, akasema tangu aolewe hajasimama mbele ya jiko asifute machozi, isipokuwa kwa mkaa huu. Nilitaka kumbusu. Hapo hapo akaongeza kwamba mapipa yatatoka vilevile.

Bi Vigezo akaandika kwa muda mrefu. Kisha akatuambia ukweli. Mkaa wangu peke yake haufuzu, mvua ikinyesha sina biashara. Kikaushio cha wifi peke yake hakifuzu, wako kumi na wawili wenye vikaushio. Lakini mkaa unaokaushwa kwa jua msimu wa mvua, hakuna mwingine aliyeleta. Tujaze fomu moja, mradi mmoja, saini mbili, imfikie Jumatano kabla ya saa sita. Nafasi ni yetu.

Ya kwetu!

Ijumaa, 7 Machi

Amani. Nimemnunulia wifi nyanya. Amezipokea, amezihesabu, amesema yaliyopita yamepita. Tumekunywa chai chupa moja. Amembeba Kibonge saa nzima na mimi nikanawa kichwa kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mikono mizuri na watoto, huyu mwanamke. Mashine itakaa upande huu wa banda, vikaushio upande ule, Kibonge katikati kwenye mkeka. Nimeliona kabisa.

Kisha tukafungua fomu. Mstari wa kwanza: Mkurugenzi Mkuu. Nafasi ya jina moja.

Jumapili, 9 Machi

Wifi anasema mkubwa kwa umri ndiye mkurugenzi. Nikamuuliza, tunaomba mashine au tunagawa urithi? Anasema bila sanduku lake mkaa wangu ni matope. Nikasema bila mkaa wangu sanduku lake ni kabati. Akasema wakurugenzi hawalali mchana. Hilo limeniuma. Mtu anayeamshwa mara nne usiku halali mchana, anazimia.

Baba Kibonge akapendekeza tupokezane, mwezi huyu, mwezi yule. Tukamwambia kwa sauti moja anyamaze. Ndiyo mara pekee leo tumekubaliana.

Jumanne, 11 Machi

Nimechoka. Mgongo unauma, Kibonge anaota jino, kesho ndiyo mwisho. Nimekwenda kwa wifi nikamwambia basi, tumalize. Naye macho yalikuwa mekundu. Tumejaza kila kitu isipokuwa mstari ule. Tumetia saini nakala mbili, moja ikichafuka iwepo nyingine. Moja akae nayo yeye, moja mimi, kwa usalama. Kesho saa nne tutakaa kwa utulivu, tuamue jina, twende pamoja.

Dada kabisa. Tumeagana kwa kushikana mikono.

Nimekaa nikaiangalia nakala yangu. Saini zote mbili zipo. Mstari mtupu. Mwandiko wangu ni mzuri, wifi anaandika kama kuku aliyefukuzwa. Kwa ajili ya mradi, si kwa ajili yangu, nimejaza. Nitaipeleka saa mbili asubuhi, halafu nirudi nimweleze taratibu. Atanuna wiki moja. Banda likifunguliwa atanyamaza.

Jumatano, 12 Machi

Saa mbili kasoro nilikuwa mapokezini, Kibonge mgongoni. Nimekabidhi, nimepigiwa muhuri. Nikapitia sokoni, na nyumbani nimemkuta wifi anapika kwa furaha isiyo ya kawaida. Sikumweleza. Yeye naye hakuulizia kikao chetu cha saa nne.

Hilo lingenishtua. Halikunishtua. Nilikuwa na usingizi.

Ijumaa, 14 Machi

Bi Vigezo amepiga simu. Amepokea fomu mbili za mradi mmoja. Moja imeingia saa mbili kasoro dakika tano, mkurugenzi mimi. Nyingine saa mbili na dakika kumi, mkurugenzi wifi. Saini zilezile. Kwa mujibu wa vigezo, mradi wenye wakurugenzi wakuu wawili unahesabika hauna hata mmoja. Nafasi amepewa mwingine wa mtaa wetu, sijui nani, anatengeneza taa. Sauti yake haikuwa kavu leo. Alisema amesikitika, na nilimwamini.

Nimekwenda kwa wifi nikiwa na maneno yangu tayari. Nimemkuta amekaa kizingitini, simu mkononi, na maneno yake tayari. Tukaangaliana. Akaanza kucheka yeye. Tumecheka mpaka nikalia, na sijui ni saa ngapi kicheko kiligeuka. Akanipokea mtoto.

Jioni watu wa chuma chakavu wamekuja kuchukua mapipa. Mama mkwe amesimamia. Wakati wanalitoa la mwisho amechota matonge yaliyobaki, sketi nzima, akaingia nayo jikoni kwake na kufunga mlango.

Jumatatu, 17 Machi

Tangazo jipya! Mfuko mwingine kabisa: teknolojia safi ya maji. Wanatoa karakana, mashine na mlezi wa biashara. Sina teknolojia ya maji. Nina ndoo, vumbi la mkaa na kitambaa. Watu wameanza na pungufu ya hapo.

Wifi amepita mlangoni akaniuliza kama nimesikia tangazo lolote. Nimemwambia hapana wifi yangu, mambo kimya. Akasema hata yeye hajasikia, huku ameigeuza simu yake kifuani. Maskini, ana nyanya, atasafisha nini?

Safari hii hakuna kugombania mstari wa kwanza. Mkurugenzi Mkuu ni mimi, wino umeshakauka. Kuna kikwazo kidogo tu, fomu inataka waanzilishi wawili. Nimefikiria tangu asubuhi nani namwamini, nani hataniuliza kitu, nani hatakwenda mapokezini peke yake.

Mwanzilishi mwenza: Kibonge. Cheo: Mkurugenzi wa Utafiti, maana hakuna kitu nyumba hii ambacho hajakijaribu kwa mdomo. Uzoefu: mwaka mmoja na miezi miwili.

Dole gumba lake nimelibonyeza mwenyewe, amelala. Limetoka safi. Nimebonyeza nakala mbili, kwa usalama.