Shamba la Jirani Kwenye Jalada

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimetokea kitabuni. Bango limebandikwa ukutani mwa ukumbi wa parokia hapa Mbinga: vitabu vipya vya msimu, kutoka shirika la vitabu la chuo kikuu. Kahawa ina msimu, mahindi yana msimu, usipa, dagaa wa ziwa letu, una msimu. Kumbe na vitabu. Kuna cha samaki wa Ziwa Nyasa, kuna kamusi ya Kingoni, na cha tatu ni cha kilimo cha ngoro, mashimo yetu Wamatengo ya kulimia mlimani. Kwenye jalada la hicho cha tatu nipo mimi. Nimeinama na jembe, mashimo ya ngoro yamejipanga nyuma yangu hadi juu mlimani. Uzinduzi Jumamosi. Ya chini sikusoma, maandishi madogo mno.

Jumatatu ijayo chama chetu cha msingi cha kahawa kinachagua mwenyekiti. Nautaka uenyekiti huo kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Mtu aliye kwenye jalada la kitabu cha chuo kikuu, nani atamnyima kura?

Nimemwambia mke wangu Vitalia kuna jambo Jumamosi, avae kitenge kipya. Ameuliza jambo gani. Nimesema ataona.

Jumanne, 9 Septemba

Furaha imepungua. Shamba la kwenye picha si langu. Ni la jirani yangu Ildefonsi. Langu lina matuta ya kawaida tangu mgongo uanze kunisumbua, yaani tangu nioe. Yule Dokta Oliva wa chuo alipokuja mwaka juzi kutafuta ngoro nzuri ya kupiga picha, Ildefonsi alikuwa ziwani kwa binti yake. Ningefanyaje? Mgeni katoka mbali. Nikampeleka, nikasema karibu shambani kwangu.

Ildefonsi naye anagombea uenyekiti. Na mashimo yake anayajua kama anavyowajua wanawe. Akiona jalada, nimekwisha. Afadhali wiki hii hajashuka mjini, anaanika kahawa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepanda kwa Ildefonsi. Nimempa shikamoo, ingawa kanizidi miezi tu. Kaitikia marahaba huku ananikagua.

Nikamwambia vitabu vya chuo vinazinduliwa Ijumaa, Mbamba Bay huko ziwani, kwamba kuna kitabu cha samaki na kila atakayehudhuria atagawiwa usipa. Ukiacha kitabu cha samaki, yote hayo nimeyatunga njiani, karibu na kwa fundi baiskeli. Hesabu yangu nyepesi: akienda Ijumaa atalala kwa binti yake, Jumamosi yuko mbali nami nazinduliwa kwa amani. Usipa ndio ugonjwa wake.

Amenishukuru sana. Amesema mgombea mwingine asingempa mpinzani wake habari kama hiyo. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 12 Septemba

Ildefonsi kaondoka na gari la asubuhi, kabeba ndoo tupu. Nimempungia mkono mpaka gari lilipokata kona. Kisha nikafanya mazoezi ya hotuba mbele ya mbuzi. Mmoja kaondoka kabla sijamaliza shukrani.

Jioni kapiga simu. Kafurahi mno. Kwamba nilisema kweli tupu: vitabu vimezinduliwa Mbamba Bay, cha samaki kimesifiwa, na usipa umegawiwa. Nikakaa chini. Nimetunga uongo mwenyewe, nao umekwenda kuwa kweli bila kuniuliza!

Nikamuuliza kama vitabu vingine kaviona. Kasema kaviona vyote. Akanitakia jioni njema, jirani yangu.

Nimekimbia hadi kwenye bango kusoma maandishi madogo. Ijumaa Mbamba Bay. Jumamosi Mbinga. Watu hawa wa vitabu wangeandika kubwa kidogo.

Jumamosi, 13 Septemba

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mbele, nimevaa koti. Gari la chuo likaingia. Kutoka kiti cha nyuma kashuka Dokta Oliva. Kutoka kiti cha mbele kashuka Ildefonsi na ndoo yake, imejaa.

Dokta Oliva akainua kitabu, akamwomba mkulima wa kwenye jalada asimame. Nikasimama. Ildefonsi naye akasimama. Kwa upole kabisa akasema anamshukuru jirani kwa kumwangalizia shamba alipokuwa safarini, ila ana swali moja: jembe la nini?

Kicheko kilianzia nyuma, walikokaa wanawake. Kila Mmatengo anajua. Kwenye ngoro mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba. Kuchimba udongo na kuzifunika ni kazi ya mwanamke. Mimi nilimwambia Dokta nachimba mashimo yote mwenyewe. Nilitaka kuonekana mchapakazi. Naye kaandika sura nzima.

Hapo Vitalia akaomba kipaza sauti. Akasema lile jembe ni lake, alilisaka wiki nzima mwaka ule wa picha, hadi akamshuku wifi yake. Na kama Baba Ida, yaani mimi, amewahi kuchimba ngoro, basi ilikuwa ndotoni. Dokta Oliva, bila hasira yoyote, akatangaza kwamba toleo lijalo litarekebishwa: shamba la Ildefonsi, jembe la Vitalia. Nikasema basi angalau suruali ni yangu. Vitalia akasema suruali alininunulia yeye, mnadani Kigonsera.

Humu hasomi mtu, kwa hiyo naandika. Nilitaka kulia. Si kwa ajili ya Ildefonsi. Vitalia alikuwa amevaa kile kitenge kipya.

Jumatatu, 15 Septemba

Uchaguzi umefanyika. Mwenyekiti ni Ildefonsi. Mimi nimepata kura mbili. Ya kwanza naijua. Ya pili nilidhani ni ya Vitalia, nikamshukuru njia nzima. Tulipofika nyumbani kasema nisijisumbue, yeye kampa Ildefonsi.

Baadaye Ildefonsi kaja na bakuli la usipa. Kasema kura ya pili ni yake. Hakuona vizuri kujipigia mwenyewe, na ni mimi niliyempa ile habari ya Mbamba Bay. Tumeula na ugali. Ulikuwa mtamu, na hilo limeniudhi zaidi ya kura.

Vitalia hanisemeshi sana. Kanipa jembe, kasema mwezi wa tatu, wa kuchimba ngoro, si mbali.

Alhamisi, 18 Septemba

Dokta Oliva kapiga simu. Shirika linaandaa vitabu vya msimu ujao, na kimoja ni cha kahawa. Anatafuta mkulima mwenye mibuni mikongwe inayozaa bado. Kasikia Ildefonsi anayo, aliyoipanda babu yake, akaomba namba yake.

Nimemwambia simu ya Ildefonsi imeharibika. Ila mibuni mikongwe, kama ni hiyo tu, iko kwangu. Aje Jumanne. Jumanne Ildefonsi anakwenda ziwani kwa binti yake.

Nimelitafakari sana kosa langu la safari iliyopita. Kosa lilikuwa kutumia vitu vya Vitalia. Leo nimepanda kwa Ildefonsi, nimempa shikamoo, nimeazima kikapu chake cha kuchumia kahawa. Na suruali.

Vitalia ameuliza vya nini. Nimesema ataona.