Nane Ni Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeitoa memori ya zamani kwenye kompyuta, nikapachika vipande viwili vipya vya giga nne nne. Nne na nne ni nane, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikawasha. Kompyuta ikasema giga tatu nukta mbili. Nikazima, nikawasha. Tatu nukta mbili. Jeuri hiyo, tena kutoka kwa chombo nilichokinunua mwenyewe!

Mke wangu ni fundi cherehani, na kila akifungua michoro ya mishono yake kompyuta inaganda. Kasema ataijaribu Jumamosi. Ikiganda, meza ni ya cherehani. Meza ile ni ofisi yangu. Hapo ndipo nabuni kadi za harusi. Bwana harusi bado hajatokea, lakini ofisi ni ofisi.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi kompyuta, kapita bila kuitwa. Kanywa chai yangu, kisha kaniambia memori ni nzima. Tatizo ni mfumo endeshi: ni wa biti thelathini na mbili, mwisho wake giga nne, na sehemu ya hizo hutengewa vifaa vingine. Ati ni kama mtu anayejua kuhesabu hadi nne tu. Mpe machungwa manane, atahesabu manne na kuyaacha mengine. Niweke wa biti sitini na nne. Atanifanyia bure, jioni moja, na kadi zangu hazitapotea.

Nimekataa. Mfumo ule niliuweka mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, bila msaada wa mtu. Sifundishwi na mtoto niliyemkuta anavaa kaptura.

Jumatano, 5 Machi

Nimevirudisha vipande dukani. Muuzaji kavipachika kwenye kompyuta yake: nane. Nimemwambia kompyuta yake inajipendekeza kwa wateja, nikarudi navyo nyumbani na kuvipachika tena.

Ijumaa, 7 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimepiga picha ya dirisha la taarifa linaloonyesha memori kwenye kioo, nikafuta tatu nukta mbili, nikaandika nane kwa herufi zilezile. Kisha nikaifanya picha hiyo kuwa mandhari ya kioo kizima. Ukiwasha tu, unakutana na nane. Nimemwita shemeji aje kesho ashuhudie.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaiona nane. Nilisikia raha mpaka kwenye visigino.

Mke wangu akakaa. Akataka kwanza alifunge lile dirisha ndipo afungue michoro yake. Akabonyeza alama ya kufungia. Halifungi. Akabonyeza tena, na tena. Akasema imeganda.

Haikuganda! Kwa mara ya kwanza mwaka huu, haikuganda. Lakini ningesemaje? Kukiri kwamba ile ni picha ni kujivua nguo mbele ya shemeji. Shemeji akakisogelea kioo, akakitazama sana, akatoka nje kwenda kukohoa.

Cherehani iko mezani. Kompyuta iko kwenye stuli, koridoni. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kasema bado yuko tayari kubadili mfumo. Mke wangu kasema nikikubali, tutagawana meza nusu kwa nusu. Nimewakatalia wote wawili. Nimekaa koridoni, magoti yakigusa ukuta, nikatafakari hadi kosa nikaliona. Nane ni namba ndogo, haitishi mtu. Nimechora kumi na sita.