Viatu vya Wakili Gervasi

Gervasi alikuwa na koti jeusi, mkoba, na kikohozi cha kutangulizia maneno. Kila kitu cha wakili alikuwa nacho isipokuwa sheria, na hiyo hakuna aliyewahi kumwomba aitoe mkobani. Ofisi yake ilikuwa benchi nje ya duka la fotokopi pale Mwanga sokoni. Wateja aliwapata kwa kutega sikio.

Asubuhi hiyo alimsikia bibi mmoja akimwambia mwenye mashine, "Nitolee kopi mbili. Ni karatasi za kiwanja changu cha Ujiji, kule ziwani. Natafuta wakili wa kunishauri."

Moyo wa Gervasi uliruka kama mgebuka kwenye ndoano. Juzi tu, mgeni kutoka Dodoma, jina lake Alphonce, alikuwa amempa malipo ya awali amtafutie kiwanja kinachotazama ziwa, ajenge nyumba ya wageni.

"Shikamoo, bibi. Wakili umempata."

"Marahaba." Bi Melania alimkagua kuanzia kola akashuka hadi viatu, ambavyo viling'aa hata benchi likaonekana ndani yake. "Wakili wa viwanja, na viatu havina hata tope?"

"Sheria inafanyika kichwani, bibi."

"Haya. Basi kiwanja changu, tangu ziwa..."

"Usieleze hapa," Gervasi alinong'ona. "Kuta zina masikio."

Hapakuwa na ukuta, lakini bibi alinyamaza.

Gervasi alisoma karatasi: hatua sitini kwa arobaini, mbele ziwa. Akakohoa. "Hapa pana mgogoro mzito. Kesi yake itakula miaka minane. Niuzie mimi, mgogoro uhamie kwangu. Unataka nini?"

"Mabati arobaini. Nimehamia Mwandiga, nimeinua vyumba viwili, mvua ndiyo hiyo inakuja, na mimi nikilala nahesabu nyota."

"Thelathini."

"Arobaini na misumari yake. Halafu twende tukakanyage mipaka na majirani, kama inavyotakiwa. Siuzi kitu ambacho mnunuzi hajakiona."

Hilo Gervasi hakulitaka. Majirani wa mpaka huuliza maswali, na hakosekani mmoja wa kumtambua kuwa ndiye aliyekuwa akibeba mafaili ya wakili fulani mpaka alipofukuzwa.

"Wakili hakanyagi mipaka, bibi. Anaisoma."

"Twende ukaone, mjukuu wangu."

"Nimeridhika. Maji yanafika?"

"Mpaka chumbani."

"Sasa unaona?"

"Mimi naona. Wewe ndiye nataka ukaone."

Gervasi alikuwa ameshachomoa kalamu. Akaandika mkataba, na mwishoni akaweka ule mstari aliokuwa akiwafunga nao wateja: mnunuzi amekagua kiwanja na kukiridhia, hakuna kurudishiana. Kwa mazoea tu, mkono ulijiandikia. Bi Melania alisaini taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Mwenye mashine akashuhudia. Jioni mabati yalifika Mwandiga, kwa fedha za Alphonce.

Jumamosi Gervasi alimpakia Alphonce kwenye pikipiki yake hadi Ujiji. Njia iliishia majini. Mbele yao vilichungulia vichwa vya kuta, na mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye nondo za dirisha.

"Kiwanja cha Bi Melania?" alisema Hamdani, jirani wa mpaka, bila kuacha kushona wavu wake. "Mmefika. Hapo penye mtumbwi ni sebuleni. Jikoni ni pale anapopiga mbizi yule ndege. Ziwa lilipanda, naye akahama."

Alphonce alichomoa ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni hadi siku fedha zake zitakaporudi.

Basi Gervasi alikwenda Mwandiga kwa miguu, na mvua ikamkuta njiani. Alimkuta Bi Melania barazani akimenya mihogo, mabati mapya yakipiga ngoma juu yake.

"Bibi, umeniuzia ziwa."

"Nilikusihi ukaone."

"Nitakwenda baraza la ardhi."

"Nenda. Usisahau ile karatasi uliyoandika kuwa umekagua."

Gervasi alikohoa, akaufunga mkoba wake. Bi Melania akamsogezea kigoda chini ya bati, maana alikuwa akilowa bure, kisha akaviangalia viatu vyake vilivyojaa tope jekundu mpaka kwenye kamba.

"Na wala usihangaike kutafuta wakili," alisema, akirudia mihogo yake. "Leo mwenyewe umefanana naye."