Diski ya Larysa na Utepe wa Hoki

Jumatatu, 12 Februari
Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Goti linauma. Diski mpya ya kompyuta ya mpwa wangu Larysa imefika kwa posta; ile ya zamani ilikufa wiki jana. Ijumaa saa tatu asubuhi ana mtihani wa uuguzi, anaufanyia hapa nyumbani kwa mtandao. Akiukosa, mpaka Juni, na nafasi yake hospitalini anapewa mwingine. Eti anataka kumpelekea Lorne, yule anayeshughulikia kompyuta za maktaba. Lorne! Mtu anayefunga kamba za viatu kwa kusoma maelekezo! Nikamwambia mimi Orest, mwaka themanini na tisa, nilifufua mashine ya kuvuna ngano katikati ya shamba kwa waya wa uzio na ngozi ya soseji. Akaguna, akaniachia kompyuta. Wakiguna hivyo huwa wameridhika.

Nimefungua. Diski nyembamba, inacheza ndani ya nafasi yake. Nikaizungushia utepe wa kunata wa gongo la hoki, mizunguko mitano. Ikatulia kama bibi harusi. Mkoa huu mzima umeshikamana kwa utepe ule. Skrubu mbili zimebaki. Za akiba, bila shaka.

Jumanne, 13
Nimechomeka flashi yenye programu, nianze kuisakinisha. Kompyuta inauliza lugha, inauliza saa, maswali kama polisi wa barabarani. Mwisho inasema haioni diski yoyote. Haioni! Nimeiweka kwa mikono yangu! Nikazima, nikawasha. Mara saba. Dada yangu Olga, huku akikunja perohe, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, akauliza kama isingefaa nifungue tena nitazame ndani. Nikamwambia mimi nikishafunga nimefunga.

Jumatano, 14
Nimegundua! Diski ilishinda kwenye sanduku la posta, baridini. Hapa hata pikapu usipoichomeka kwenye umeme injini ipate joto haiwaki, sembuse diski? Nimeiweka kompyuta juu ya kipasha joto, nikaifunika sweta langu la kanisani. Saa nne nzima. Haioni. Sweta linanuka plastiki. Olga kaninusa, kafungua dirisha.

Nimepiga simu dukani kuwaambia wameniuzia kipofu. Mama aliyepokea akauliza kwa upole kama diski imeingia vizuri kwenye soketi yake. Nikamwambia nilikuwa nikitengeneza mashine kabla mama yake hajaolewa. Nikakata. Nimechoka.

Alhamisi, 15
Larysa hakugusa chakula cha mchana. Akaniambia, mjomba, sikulaumu, ila niambie kweli, itapona? Nikaanza kisa cha mashine ya ngano. Akasema kile kisa anakijua, na mashine ile alikuja kuitengeneza marehemu baba yake. Taratibu tu alisema, bila ubaya. Ndilo lililoniuma.

Nikapiga simu maktaba mwenyewe. Nilimwambia Lorne aje kunywa chai.

Kaja na bisibisi mfukoni! Kwa chai! Akafungua, akachungulia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza mgonjwa huyu kafungwa bandeji na nani. Utepe ulikuwa umeziba mdomo wa diski, pale inapogusana na kompyuta. Akaubandua, akasukuma mpaka ikalia ta! Diski ikaonekana. Akaziomba na zile skrubu mbili. Akasema, Orest ndugu yangu, umeiuguza mpaka ukaipofusha. Olga alicheka hadi akakaa chini. Larysa kacheka, kisha akalia, kisha akala sahani mbili. Kwa hizo sahani mbili nimemsamehe Lorne. Kidogo.

Jumapili, 18
Mtihani umekwisha, Larysa anasema haukuwa mbaya. Leo baada ya ibada, tukila ukumbini, Lorne alikuwa akisimulia habari za bandeji meza hadi meza. Asimulie. Hasemi kwamba utepe wangu ndio ulioitunza diski ile isivunjike mpaka yeye alipofika.

Ndipo Padri Danylo akasema kompyuta ya ukumbi wa kanisa siku hizi inajizima yenyewe. Nikamwahi Lorne angali na perohe mdomoni. Nikamwambia padri asihangaike, fundi ni mimi. Nimeibeba nyumbani, nimeitikisa sikioni. Kuna kitu kinacheza ndani. Sikuhitaji hata kuifungua kujua kosa.

Aliyeiunda hakutia utepe.