Fundi Saa Hafi Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 7 Oktoba

Muhula wa mwisho umeanza. Asante Mungu. Masomo mengine yote ya kidato cha nne nimeshayamaliza, limebaki hili moja, fasihi ya Kiingereza. Sisi wa darasa la watu wazima tunaingia watoto wakishatoka, kwenye madawati yaleyale, magoti yanagonga mbao. Mwalimu ni binti wa rika la kitinda mimba wangu. Ananiita mama na kunisahihisha kwa adabu.

Kitabu cha mwisho kinahusu fundi saa aliyelala kitandani. Binti yake anamuuguza, na saa za watu zimejaa dukani zinamsubiri. Baba watoto naye amelala. Moyo umechoka, ndivyo daktari alivyosema alipoturudisha nyumbani. Yeye ni fundi bomba, Kiingereza hakijui, kwa hiyo kila jioni namsimulia tuliyosoma. Shule aliniandikisha yeye. Alisema mmoja wetu lazima amalize.

Leo kauliza hali ya Fundi Saa hata kabla ya chai. Halafu akasema, "Huyu akiinuka, na mimi nainuka."

Nikaitikia amina.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimechungulia ukurasa wa mwisho. Fundi Saa anakufa! Asubuhi, kwa upole kabisa, kama mtu aliyeombwa apishe njia. Nimelia jikoni mpaka sufuria ikaungua. Baba watoto kauliza harufu ya nini. Nimemwambia ni kwa jirani.

Nina mpango. Nitasimulia polepole. Nusu sura kwa jioni, nikiongeza mvua na wageni. Kwa mwendo huo Fundi Saa ataingia mwaka mpya akiwa mzima.

Jumapili, 13 Oktoba

Mpango una tundu. Mwalimu kasema muhula ni mfupi, tutasoma sura mbili mbili. Mstaafu akapiga makofi. Huyu ni mwenzangu wa dawati, mzee aliyefanya kazi posta. Hunyoosha mkono hata Mwalimu akiuliza nani kafungua dirisha. Keshaanza kunihoji kwa nini mimi niko nyuma.

Nikaona nilipeleke jambo kwa Mungu mwenyewe. Leo kanisani, walipouliza wagonjwa wa kuombewa, nikasimama. Nikasema kuna fundi saa mmoja namfahamu, hali yake si nzuri. Si uongo. Namfahamu kuliko ninavyowafahamu shemeji zangu. Kanisa zima likamwombea, mchungaji kwa sauti ya kupasua bati. Najua kitabu kimeshachapwa. Lakini Mungu hashindwi na mitambo ya uchapaji.

Baba watoto sikumtaja. Kumtaja ni kama kukubali.

Jumanne, 15 Oktoba

Balaa. Kina mama wa kanisa wamekuja na kapu la matunda, wanataka niwapeleke kwa fundi saa. Nikasema amehamishwa. Wakauliza hospitali gani. Nikasema hata mimi naitafuta.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo. Kiongozi wao akamwona baba watoto na miguu yake iliyovimba. Akaniuliza polepole, "Dada, tuombe hapahapa?"

Nikasema hapana, sisi hatujambo.

Wameacha kapu. Baba watoto kala nusu chungwa, akasema watu hawa wana upendo, wamejuaje kama ninaumwa?

Nimeangalia tena ukurasa wa mwisho. Bado amekufa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mpango mpya, huu ni wa kichwa hasa. Nabadilisha hadithi. Darasani leo Fundi Saa kazidiwa. Kwangu jioni kakaa kitini, kanywa uji, kamkemea binti yake kwa kupanga saa vibaya. Baba watoto kacheka. Kaomba mto wa pili, na yeye akakaa.

Kesho namsimamisha.

Jumatano, 23 Oktoba

Mstaafu kaja kumjulia hali mgonjwa. Hakualikwa. Kitabu kwapani! Nilimkaribisha kwa mdomo na kumziba njia kwa mwili. Akapenya. Kila akifungua mdomo nampa chai. Nilipokwenda kuongeza maji, akamaliza kazi. Nimerudi namkuta anaeleza mafundisho ya kifo cha Fundi Saa, anayahesabu kwa vidole.

Nikasema kitabu chake ni toleo la zamani. Akasema vyote vilitoka boksi moja. Nikamwagia chai kwenye kikombe kilichokwishajaa.

Alipoondoka, baba watoto kanigeukia. Akasema, "Mama watoto, nisimulie yako."

Nikamuuliza ipi.

"Ile anayoinuka."

Nikamwambia kafika mlango wa duka. Akauliza mlango una kitasa au kufuli. Nikasema kufuli, tena lina kutu. Akasema walipake mafuta wasubiri, wasilazimishe ufunguo. Kisha akasinzia.

Jumatatu, 28 Oktoba

Tulimzika Jumamosi. Kina mama wa kanisa walifika kabla ya ndugu, na hakuna aliyeniuliza habari za fundi saa. Mstaafu alibeba viti.

Fundi Saa wangu nilimwacha mlangoni, ufunguo mkononi. Sikuwahi kumwingiza dukani.

Jumatano, 6 Novemba

Mtihani. Swali la tatu: eleza jinsi kifo cha Fundi Saa kinavyombadilisha binti yake. Jibu nalijua, Mstaafu keshalihubiri mpaka nimelikariri. Nikashika kalamu. Nikaandika kwamba hakufa. Kufuli likakubali, akaingia, akafuta vumbi, akaketi kwenye kiti chake. Kurasa mbili nzima. Kiingereza changu hakijawahi kunyooka namna ile.

Nina hakika nimefaulu.

Ijumaa, 8 Novemba

Sikufaulu. Mwalimu kaniita wenzangu walipotoka. Kaketi kwenye nafasi ya Mstaafu, ubavuni kwangu, akauliza kama niliisoma sura ya mwisho. Nikasema mara nyingi. Akasema ni swali hilo moja tu linaloninyima cheti. Yaliyonipata anayajua, kwa hiyo kamwomba mkuu wa shule, na nimeruhusiwa kulijibu upya, palepale.

"Mama yangu, andika kilichomo kitabuni tu. Umalize shule."

Nikasema nimeelewa. Na nilielewa kweli. Baba watoto alitaka mmoja wetu amalize, na kilichobaki ni kuandika kwamba mtu amekufa. Sentensi moja. Mtoto wa shule angeiandika huku anatafuna.

Mwalimu akatoka nje kunipisha. Nikasali. Nikaandika jina langu na namba ya swali. Kisha nikaandika kwamba asubuhi ile Fundi Saa aliamka kabla ya binti yake, akatazama miguu yake, akaona uvimbe umepungua. Akavaa viatu mwenyewe.

Karatasi imejaa hata barabarani Fundi Saa hajafika. Nimemwita Mwalimu aniongezee nyingine.