Malaria Yangu ya Siku Mbili

Jumatatu, 7 Machi 1983
Swali limenisumbua tangu chuo kikuu: je, anayetunza wagonjwa ana haki ya kuchoka? Leo nimesinzia nikimlisha uji Tata Badibanga, mzee mchimbaji mstaafu anayeugua figo. Kijiko kimeingia sikioni mwake. Amenitetea: eti sikio nalo lilikuwa na njaa. Mama Kisimba, mkuu wa wauguzi, hakucheka. Amesema nikisinzia tena, nahamishiwa stoo ya mashuka. Mimi! Niache wodi yangu!

Jumanne, 8 Machi
Mpango umepatikana. Nitaugua malaria siku mbili, nilale nyumbani hadi nitosheke. Nimemweleza muuguzi mwenzangu Mbombo peke yake. (Yeye hulala amesimama, bila kukamatwa. Namwonea wivu.) Amenigusa paji la uso, akasema ni baridi kama mtungi. Ameapa kunyamaza.

Jumatano, 9 Machi
Kunyamaza! Asubuhi hii akina mama kumi na mmoja wa kwaya ya kanisa wamejaa sebuleni. Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa hapa Kolwezi analijua: mgonjwa haachwi peke yake. Wameleta matembele, samaki wakavu, na maradhi yao. Mama Mbelu mguu umevimba, nimeufunga bendeji. Nimepima presha za watatu. Nimesonga bukari, ugali wetu, kwa wote. Mama Mbelu amesifu: homa yangu inapika vizuri sana. Usingizi: hakuna.

Alhamisi, 10 Machi
Tata Badibanga ametoroka wodini! Amefika na pijama ya hospitali, nyuma ya baiskeli, Mbombo akikanyaga, bakuli la uji mapajani. Nimepiga kelele: figo zake! Amejibu: “Mi niko mugonjwa wa figo, siko mugonjwa wa mikono. Fungula kinywa, mutoto.” Amenilisha. Akawatoa akina mama wote, akaketi mlangoni na fimbo. Nimelala mpaka Mama Kisimba alipokuja kumtafuta mgonjwa wake. Ametutazama wote wawili. Kwa Tata, kurudi wodini. Kwangu, siku tatu za kulala, kwa amri. Kuhusu stoo, ataamua Jumatatu, baada ya kuyaona macho yangu.

Jumamosi, 12 Machi
Nimepata nafuu. Kwa usingizi, au kwa kulishwa? Sijui, wala siwezi kujua: ushahidi wote ulipita nikiwa nimelala. Labda haki ya kuchoka hupewa mtu na wenzake. Labda nilikuwa na njaa tu. Hata hivyo, nimeamka kabla ya jogoo, niwaandalie wauguzi mafunzo ya kupumzika. Masomo tisa, mitihani miwili. Macho yanajifumba nikiandika somo la saba. Tunaanza kesho alfajiri, kabla ya misa.