Cheti cha Aliyekwisha Kupekuliwa

Wapo wanaookota pesa njiani na wapo wanaookota mafua. Edouard Mbuyi, Jumatatu moja asubuhi, aliokota wazo. Alikuwa ameketi kwa muuza kahawa karibu na posta, katikati ya Lubumbashi, akamwona bwana mmoja mwenye mkoba anasimamishwa na polisi. Wakampekua mifuko, kofia na soksi, wakamwachia. Bwana akatembea hatua hamsini, akasimamishwa na polisi wengine, akavua kofia tena. Alipofika kona ya tatu hakungoja kuambiwa: alivua soksi mwenyewe, akasimama mikono juu, na pale konani hapakuwa na polisi hata mmoja.

Wapita njia walimhurumia. Edouard hakuwa na nafasi ya huruma, alikuwa anafikiri.

Ni vizuri tumjue mtu huyu kabla hajatuuzia kitu. Alisoma sheria miaka miwili, kisha yeye na chuo kikuu wakachokana kwa pamoja. Kilichobaki kilikuwa koti jeusi, mkoba wa ngozi, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji. Mtaani walimwita Maître, kama wakili, na yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Alikuwa mwongo mchana kutwa, ila jambo moja: alimpenda Estelle wa mtaa wa Karavia, na pendo hilo halikuwa la kughushi. Baba yake Estelle, Papa Franck, mstaafu wa migodi na mtu wa saa na tarehe, alikuwa amempa mwezi mmoja. Mahari ifike Jumamosi ya mwisho kabla ya saa sita mchana, la sivyo binti ataolewa na André wa forodha, kijana mwenye mshahara na karatasi zote.

Basi Edouard akaenda moja kwa moja kwa Nasoro, fundi wa mihuri. Wazee wa Nasoro walitoka Maniema, na yeye alichonga mihuri kwa mpira wa kandambili, pembeni mwa barabara, kando ya mkewe Amida aliyeuza vitenge. Nasoro hakuuliza mteja ni nani wala muhuri ni wa nini, maana fundi wa mihuri mwenye maswali hulala njaa. Alikuwa na desturi moja aliyoachiwa na baba yake: kila muhuri aliuchonga mara mbili. Mmoja wa mteja, mwingine wa kutundika msumarini nyumbani, kwa kuwa wateja hupoteza vitu. Wateja hawakuambiwa habari za msumari, na hawakuuliza.

Cheti chenyewe Edouard alikitunga kwa ustadi wa kusikitisha. Juu kabisa aliweka maneno ya Katiba, kwamba uhuru wa mtu ndio kanuni. Chini yake: "Mwenye cheti hiki amekwisha kupekuliwa, toka kofia hadi soksi, na hakukutwa na kitu. Asipekuliwe tena kwa siku thelathini." Halafu jina la ofisi, Bureau ya Upekuzi Uliokwisha, ambayo haikuwako duniani, na nafasi ya muhuri kugongwa mara tatu. Nyuma, baada ya bia ya pili, aliongeza kwa herufi ndogo: "Kitu chochote ambacho mwenyewe hawezi kueleza kilikotoka kitabaki Bureau kwa usalama." Hakukihitaji kifungu hicho. Alikuwa ameona tu kwamba karatasi ya serikali isiyo na kitisho mgongoni haiheshimiwi na mtu.

Cheti cha kwanza alimpa Amida bure, kwa ajili ya matangazo. Kila jioni mzigo wa Amida ulipekuliwa kizuizini, na kila jioni kitenge kimoja au viwili vilibaki kwenye vidole vya polisi. Mama alikisoma cheti polepole.

"Na hii article ya juu, iko ya kweli?" akauliza.

"Kweli kabisa, Mama Amida. Iko mu Constitution."

"Basi bantu beko nayo tayari."

"Beko nayo," Edouard akakubali, akagusa wino wa muhuri. "Lakini haina cachet."

Jioni ile Brigadier Chilufya, mkuu wa kizuizi, alikisoma cheti mara tatu. Alimtafuta aliyetia sahihi, akashindwa kuisoma, na katika mji wetu sahihi isiyosomeka ni ya mtu mkubwa. Akakirudisha kwa mikono miwili. Amida akafika nyumbani na vitenge vyake vyote, akaviweka kitandani kimoja kimoja, na machozi yakamlenga, kwa sababu tangu mvua zianze mzigo ule haukuwahi kufika mzima. Usiku huo alimtazama mumewe, akautazama na msumari ukutani.

Habari ya karatasi inayozuia mikono ya polisi haikuhitaji redio. Kabla ya Ijumaa walimu walikuwa wanakitafuta cheti, na mafundi cherehani, na wachimbaji waliokuja mjini kutoka Kambove, na mchungaji mmoja aliyeomba chake kiandikwe kwa herufi kubwa. Kila mmoja Edouard alimweleza kwamba yeye si kitu, ni mjumbe tu wa kupeleka majina Bureau. Waliouliza Bureau iko wapi aliwaonyesha kwa kidole jengo refu lolote lililokuwa karibu, akasema kule juu. Watu walitazama juu wakatosheka.

Kisha likatokea jambo ambalo tapeli mwenye akili timamu angelikimbia. Polisi wakaanza kukipenda cheti. Zamani iliwabidi wabuni sababu ya kumsimamisha mtu. Sasa sababu ilikuwa wazi, mtu hana cheti. Asiye nacho alipekuliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kukosa cheti, na mara ya pili kwa kutaka kujua kwa nini hana. Mwisho Chilufya mwenyewe alimvuta Edouard pembeni, akamweleza kwa aibu kidogo kwamba askari wake wakivaa kiraia hupekuliwa na askari wa komini ya pili, wilaya ya jirani. Aliomba vyeti saba, kimoja chake. Edouard alimpa, na bei hakupunguza.

Ijumaa ya mwisho jioni, mahari ikiwa imetimia, Edouard alistaafu. Alitaka kuingia kwenye ndoa akiwa msafi. Karatasi zilizobaki alizichoma nyuma ya nyumba, na muhuri aliudondosha chooni akausikia ukizama. Kujiandikia cheti chake mwenyewe hakukumbuka hata mara moja. Mpika pombe ya lutuku hanywi lutuku yake, maana yeye anajua ametia nini ndani.

Jumamosi saa nne alipanda teksi ya Karavia. Alikuwa na sanduku lenye suti ya Papa Franck na kitenge cha mama mkwe, bahasha ya mahari ndani ya koti, na mbuzi miguuni, mbuzi mnene mwenye dharau. Wakafika kizuizini. Chini ya mwavuli palikuwa na meza mpya na foleni ndefu. Nyuma ya meza aliketi Mama Amida amevaa miwani, na kando yake Nasoro akipuliza wino ukauke. Ubao uliandikwa BUREAU.

Ilikuwa hivi. Alhamisi Amida alimwendea Chilufya, akamwambia Bureau imeamua kushuka toka kule juu na kukaa karibu na raia, na kama ushahidi akautoa muhuri wa msumarini. Chilufya, aliyekuwa amechoka kuheshimu ofisi asiyoiona, alipiga saluti. Amri yake ilikuwa moja: kama cheti kinasema mtu amepekuliwa, basi apekuliwe kweli, pale pale mezani, serikali isionekane inadanganya.

"Maître," Chilufya akasema dirishani, "attestation."

Edouard akacheka kirafiki. "Brigadier, si mi njo nilikuletea yako?"

"Njo maana sina mashaka uko nayo. Leta."

Edouard akaeleza kwamba mjumbe hahitaji cheti. Chilufya akajibu kwamba hata mon père, padri mwenyewe, anapokeaka komunio. Teksi haikuwa na subira. Dereva alimshusha na sanduku na mbuzi, akaenda zake. Saa ilikuwa inakaribia tano.

Hapo Edouard akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila malipo: alisema kweli. Akapanda juu ya sanduku, akainua mkono, akaanza, "Uhuru wa muntu njo règle!" Alitaka kuendelea, kwamba hakuna anayepaswa kununua haki ya kupita njiani, na kwamba polisi hawawezi kumpekua mtu kwa kukosa karatasi. Lakini foleni nzima, walimu, mafundi na mchungaji, ilikuwa imekwisha kuyakariri maneno yale kwenye vyeti vyake. Wakamwitikia kwa sauti moja, toka Katiba hadi kofia hadi soksi hadi siku thelathini, na mchungaji akamalizia kwa amina.

"Muzuri," Chilufya akasema. "Article unaijua. Sasa attestation iko wapi?"

Edouard akashuka, akamwinamia Amida, akanong'ona kwamba yeye na mumewe wanajua vizuri ile Bureau haiko.

Amida akavua miwani. "Maître anasema Bureau haiko," akatangaza, si kwa ukali.

Foleni nzima ikamgeukia Edouard. Kila mkono ulikuwa na cheti, na kila cheti kilikuwa kimelipiwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amesimama pale na mbuzi. Fundi seremala wa mbele akaanza kukunja mikono ya shati.

"Nilisema haikukuwa hapa," Edouard akasema haraka. "Sasa iko. Minaifurahia sana."

Wakampekua kwa utaratibu wote. Kitenge cha mama mkwe Amida alikitambua kabla hakijakunjuliwa: kilikuwa kimoja cha vile vyake vilivyopotelea kizuizini, na Edouard alikinunua kwa bei nzuri kwa askari wa hapo hapo. Chilufya akatazama mawingu. Amida akakiweka begani mwake bila kuuliza swali. Kisha ikatoka suti, kisha bahasha.

"Hii ilitoka wapi?"

"Iko mali ya kuoa bibi, mama. Banangojea ku Karavia."

"Fasi inaenda, tumesikia. Minauliza fasi ilitoka."

Edouard alipima majibu mawili. Akisema imetokana na vyeti, basi pesa haikufika Bureau, yaani Bureau haiko, na seremala amekwisha kukunja mkono wa pili. Akisema imetoka kwingine, yuko wapi shahidi? Amida akasubiri kwa adabu, kisha akageuza cheti na kusoma mgongoni, kile kifungu cha bia ya pili. Foleni ikaitikia kwa vichwa. Kilikuwa kifungu kizuri, kimeandikwa na mtu aliyesoma.

Mbuzi naye aliulizwa alikotoka, akakaa kimya. Chilufya akampekua, akainua mkia, akaripoti kwamba hapana kitu, ila mnyama mwenyewe hana maelezo. Mbuzi akafungwa kwenye mguu wa meza.

Nasoro akagonga muhuri mara tatu, akapuliza, akamkabidhi Edouard cheti chake. Edouard akauliza kwa sauti ndogo anadaiwa nini.

"Ya kwanza iko bule," Amida akasema. "Njo publicité."

Alifika Karavia kwa miguu, saa sita kasoro dakika chache, koti limeloa. Ukoo ulikuwa umekaa kwenye viti vya plastiki. Katika kona André wa forodha alikuwa anakunywa juisi, amekuja kwa bahati tu, akiwa na suti na mbuzi wawili. Papa Franck akanyoosha mkono apokee mahari, na Edouard akaweka mkononi mwake kitu pekee alichokuwa nacho.

Mzee akavaa miwani, akasoma yote kwa sauti, mbele na nyuma. Akaipima mihuri kwa kidole. Wala hakukasirika, alionekana hata kuvutiwa.

"Banaume mingi banakuyaka hapa kusema beko na kintu, bila preuve, bila ushahidi," akawaambia ndugu. "Huyu njo wa kwanza kukuya bila kintu, na preuve iko, cachet tatu."

Edouard alitazama chini. Alikuwa ameuza karatasi ile kwa nusu ya mji, na hii ilikuwa ya kwanza kusema kweli. Alisikia uchungu, uchungu halisi, kwa sababu Estelle alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia kila neno.

Estelle akaja, akakichukua cheti kwa baba yake, akakisoma. Alianza kucheka taratibu, akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja.

"Papa," akasema, "hii inapita siku makumi tatu tu. Tumungojee mpaka ikufe. Pengine kisha ile atakutwa na kintu."

Papa Franck alikuwa mtu wa tarehe, na tarehe ilikuwa imeandikwa pale. Akafikiri, akamtazama André, akatazama mihuri, akasema basi, siku thelathini, lakini mbuzi asikose. André akaagiza juisi nyingine.

Jioni Edouard alirudi mjini kwa njia ile ile. Kizuizini Chilufya akamsimamisha, akakisoma cheti toka juu mpaka chini, akapiga saluti na kumpisha bila kumgusa hata kifungo. Chini ya meza ya Bureau mbuzi alikuwa na cheti chake shingoni, chenye mihuri mitatu, na alikuwa ameanza kukila.